Nimenunua kamera isiyovuta: picha za kwanza kutoka Feri

Tangu niweke mtandaoni ile picha ya dalali wa samaki, naulizwa swali moja tu: "Kaka, hiyo umepiga na kamera gani?" Nikiwajibu, wengi hawaamini. Dada mmoja wa Morogoro, anayetaka kuanza kupiga picha za watu na kulipwa, aliniomba nimtumie picha ya kamera yenyewe. Nikamtumia, nimeishika kiganjani. Alicheka sana. Basi leo naandika kwa kirefu, maana najua wengi wenu mnatafuta kilekile nilichokuwa natafuta mimi: picha nzuri, hela ya picha, na mgongo usiouma.

Kamera ni Ricoh GR III. Si toleo jipya, ilitoka mwaka 2019 ikiuzwa kama dola 900 za Kimarekani. Yangu ni mtumba. Binamu yangu aliyeko Muscat ndiye aliyenitafutia, akaja nayo alipokuja likizo. Ina gramu 257 ikiwa na betri na kadi ndani. Inaingia mfuko wa shati na bado unafunga vifungo. Ndani yake kuna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, ya saizi inayoitwa APS-C, ileile inayowekwa kwenye kamera nyingi kubwa za kubadilisha lenzi, yenye pikseli milioni 24. Simu yako inaweza kuwa na pikseli nyingi kuliko hizo, lakini zimebanana kwenye sensa ndogo mno. Jua likishazama simu inaanza kubuni, na uso wa mtu unatoka kama umepakwa nta.

Na haivuti, yaani haina zoom. Lenzi ni moja tu, ya milimita 28 kwa hesabu za zama za filamu, upana unaokaribiana na wa kamera kuu ya simu. Ukitaka mtu aonekane mkubwa kwenye picha, unamfuata alipo. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na nikisema kweli ndio wa pili na wa tatu pia: sogea.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda nayo Feri, soko la samaki pale Kivukoni, Dar es Salaam. Wanaopajua wanajua kwamba ukichelewa unakuta mnada wa samaki wakubwa umekwisha, unabaki na wachuuzi na harufu. Miaka yote nimekwenda pale na kamera kubwa, na miaka yote nimerudi na picha za migongo. Ukitoa lenzi ndefu Feri, soko linabadilika. Huyu anageuza uso, yule anadai hela ya soda, wa tatu anakuuliza umetumwa na gazeti gani. Na Ikulu iko jirani hapo, kwa hiyo ukielekeza bomba lile upande usiotakiwa utakuwa na maelezo ya kutoa kwa watu wasiopenda utani.

Na hii ndogo hakuna aliyeshtuka. Dalali mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alikuwa kasimama kwenye meza ya mnada na nguru wa maana mbele yake, anapandisha bei. "Hamsini! Hamsini na tano ya mama huyu! Sitini naipata wapi?" Nikasogea mpaka nikawa narukiwa na maji kila samaki alipotupwa mezani. Akanitazama, akaitazama kamera, akasema, "We kijana na kikamera chako, nunua samaki au pisha watu." Nikamjibu, "Mzee wangu, mimi leo nanunua sura yako." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, halafu akarudi kwa nguru wake akanisahau. Hapo ndipo nilipompiga. Mkono mmoja umeshika mkia, mwingine uko hewani vidole vyote vimetanuka, mdomo wazi, na nyuma yake nyuso za wanunuzi kila mmoja anapiga hesabu kimoyomoyo. Kidevuni kwake kuna magamba mawili yameganda. Ukiikuza picha unayaona.

Sikusubiri kamera itafute fokasi, yaani umbali ambao picha inatoka kali. GR ina namna ya kuipangia umbali mapema: niliipa mita 2, tundu la lenzi nikalibana hadi f/8, na kwa lenzi pana kama hii vitu vyote kuanzia kama mita 1 hadi mbali kule nyuma vinatoka vikali. Unabonyeza kitufe mpaka chini, kazi imekwisha.

Picha ya pili ni ya mama mmoja upande wa wakaangaji. Karai, moshi, na mwanga unaoingia kwa ubavuni ukamgusa shavu na ncha ya ule upawa mrefu wa kugeuzia samaki. Niliigeuza nyeusi na nyeupe kwenye kamera hukohuko, sikuihariri. Mwenye mgahawa mmoja wa Kigamboni aliiona, akaitaka, tukaichapa saizi ya A2. Iko ukutani kwake sasa, na ukisimama karibu maandishi ya kanga ya yule mama yanasomeka. Nimeshaipita mara kadhaa nikijifanya nakunywa chai. Picha ya tatu ni jicho la samaki aina ya changu, nimelipiga kutoka sentimita 6, na nimeiweka kwa sababu naipenda tu.

Sasa nieleze kwa nini naringa hivi, maana kuna waliokuwepo ukumbini wanaosoma hapa.

Muda si mrefu baada ya kuipata kamera hii nilifanya kazi ya sendofu moja hapa mjini. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alishika jukwaa na kamera kubwa na fleshi; mimi nikashika pembeni, wazee kwenye meza zao, akina mama wakipanga zawadi, bibi harusi akirekebishwa shela. Mjumbe mmoja wa kamati akachukua maiki na kuuliza, mbele ya ukumbi mzima, "Samahani, kamati tumemlipa mpiga picha au mtalii?" Ukumbi ukacheka. MC akairudia, ikachekwa tena. Nikatabasamu kama mtu asiyejali. Salio langu lilipokuja lilikuwa limekatwa, sababu ikaandikwa "vifaa". Vifaa! Albamu ilipotoka, picha ambayo familia iliiweka kwenye status zao kwa siku kadhaa ni ya bibi mzaa mama akimfunga mjukuu wake kanga kiunoni, kaishikilia pindo moja kwa meno. Nani kaipiga? Mtalii.

Bado inaniuma, sitaficha. Hapa kwetu mpiga picha anapimwa kwa urefu wa lenzi. Mteja hajaona kazi yako, ameona begi. Kwa hiyo vijana wenzangu, mkienda kwenye kazi ya kulipwa vaeni kamera kubwa shingoni hata kama hamtaigusa. Mimi siku hizi naivaa, na wala haina betri. Kamati inaridhika, nami naendelea na yangu mfukoni.

Lakini tusidanganyane kwamba kamera ndiyo inayopiga. Nawaona wengi mnabadilisha kamera kila mwaka na picha ni zilezile, mtu kasimama katikati, mbali, nyuma yake ukuta na waya za umeme. Sogea, ndugu yangu. Msalimie mtu. Ukiona aibu kumwambia mama wa mihogo shikamoo, hiyo lenzi ya milioni mbili itakusaidia nini? Na akikwambia hataki, umekubali, umeshukuru, umenunua mhogo. Kesho yake atakuita mwenyewe.

La mwanga ndilo watu wetu tunaliharibu kuliko yote. Kamera yoyote ukiiachia iamue inatafuta wastani, inataka ukichanganya vyote picha iwe ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya bahari inayong'aa, kamera inaona mng'ao, inapunguza mwanga, na uso wote unapotea, yanabaki meno. Tumezoea picha za namna hiyo mpaka watu wanaamini shida ni rangi yao, wanakimbilia programu za kung'arisha ngozi. Shida ni aliyeshika kamera! Ongeza mwanga mpaka uso uonekane, na mbingu ikiungua, ikatoka nyeupe tupu, iache iungue, hakuna anayetundika ukutani picha ya mbingu ya Coco Beach saa saba mchana. Kinyume chake ni bwana aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi. Hapo kamera inaongeza kupita kiasi, ngozi inatoka ya majivu na jasho la paji la uso linametameta, punguza. Na kanzu nyeupe kwenye ukuta wa chokaa itatoka kijivu usipoongeza. Kidole gumba changu hakitoki kwenye kile kiswichi cha kuongeza na kupunguza.

Saa sita mchana jua la kwetu liko utosini na kila jicho linakuwa shimo. Usipigane nalo. Mpeleke mtu barazani, chini ya mwembe, au mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama nje. Mlango wowote wa uswahilini unakupa mwanga ambao wenye studio wanaununua. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, usiwe unakula. Huku karibu na ikweta jua likishaamua kuzama halibembelezi.

Kuna mambo ya kuvumilia. Haina kitundu cha kuchungulia, na juani kioo cha nyuma hakionekani vizuri. Nakikinga kwa kofia au napiga kwa mazoea tu. Haina fleshi ya ndani, ingawa ina sehemu ya kuchomeka ya nje. Haina kinga ya maji wala vumbi. Betri kwa vipimo vya kiwandani ni picha kama 200, kwa hiyo nunua ya pili siku hiyohiyo unayonunua kamera. Uzuri inachajiwa kwa waya wa Type-C, ule wa simu, hata ukiwa ndani ya daladala na power bank. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevunyevu. Kamera ikilala kabatini kwenye begi la ngozi, lenzi inaota ukungu. Yangu inalala kwenye hotpoti ya plastiki iliyofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukitoka ofisini kwenye AC, iache kwenye begi kwanza ipate joto la nje, la sivyo lenzi itajaa mvuke na harusi imeshapita.

Kamera hii haiwafai wote. Dada yangu wa Morogoro, kama ndoto ni simba wa Mikumi, achana nayo kabisa. Simba atatoka kidoa. Kwa mpira vilevile. Kama unataka kujirekodi video, ukali wake ni 1080 tu na haina tundu la maiki. Tazama Canon PowerShot G7 X Mark III, nayo ya 2019, yenye video kali zaidi ya 4K, tundu la maiki na kioo kinachoinuka ukajiona. Mwenye uwezo zaidi kuna Fujifilm X100VI ya 2024, ina kitundu cha kuchungulia, ila ilitoka kwa dola 1,600 hivi na watu waliisubiri kwa miezi. Lakini kama unataka watu, sokoni, kibarazani, jikoni kwenye shughuli, hii inakutosha.

Ukinunua mtumba, usikubali kuonyeshwa picha za muuzaji. Nenda na kadi yako. Iwashe na kuizima mara kadhaa, sikiliza lenzi ikitoka na kuingia, isikwame, isikwaruze. Halafu weka f/16, elekeza kwenye ukuta mweupe au mbingu tupu, piga, kuza, pitia pembe zote nne. Geuza kamera, piga tena. Ukiona vidoa vyeusi vimekaa palepale kwenye picha zote mbili, vumbi liko juu ya sensa, na lenzi hii haifunguki ukalipuliza mwenyewe. Mpe muuzaji kamera yake, mwambie utarudi.