Vitz au IST, ila likague likiwa la baridi

Ndugu, umeuliza gari la mkononi la bei nafuu, lisilokula mafuta, la kwenda kazini hapa Dar. Chukua Toyota Vitz ya cc 1000. Kama una familia, IST ya cc 1300. Spea zimejaa Kariakoo, na injini ya IST inatumia cheni ya taimingi (inayopanga mwendo wa ndani wa injini), kwa hiyo huna mkanda wa taimingi wa kubadilisha.

Lakini tafadhali, nenda ukalikague asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta limeshawashwa, rudi kesho. Mwenzako apige stati, wewe simama nyuma kwenye eksozi: moshi wa bluu ni oili inaungua. Mimi niliupuuza, miezi 4 baadaye nikanunua injini nyingine. Na uende na fundi wako, si wa muuzaji.