Kaeni nyuma ya kaunta kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuwatengenezea watu programu hapa Lubumbashi, maelezo ya patroni, mwenye biashara, yasiwatoshe. Hafichi kitu. Ameizoea kazi yake mno, na mambo mnayoyahitaji zaidi ni ya kawaida kwake hata hayamjii mdomoni.

Nilijifunza hilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, komuni ya Kenya, hapa hapa mjini. Tuliongea na patroni asubuhi nzima kwa Kifaransa, nikaandika kurasa nne, akatia sahihi. Programu ilikuwa na bidhaa, bei, idadi na jumla. Siku ya kwanza, kabla ya saa sita mchana, mama wa kaunta alikwisha rudi kwenye daftari lake.

Mtazameni mteja mmoja tu. Vitu vyake ni dola 7 na nusu, anatoa noti ya 10. Sarafu za senti za Marekani hazitembei Kongo, kwa hiyo chenji yake inatoka kwa faranga, kwa kiwango alichokitaja patroni asubuhi ile. Anayemfuata analipa sehemu kwa dola, sehemu kwa faranga. Programu yangu ilijua dola peke yake. Jioni hesabu ya kasha ingepatana vipi?

Tangu hapo naomba siku mbili za kukaa nyuma ya kaunta, na naomba daftari. Angalieni hasa pembezoni: duara, msalaba, wino mwekundu. Kila alama ina sababu yake, ulizeni. Ulizeni pia umeme ukikatika wanaandika wapi. Na majina ya wateja yapeni nafasi tatu, kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura. Mbili hazitoshi kwa Mkongo.

Mkataba mtauandika kwa Kifaransa, sawa. Lakini msomeeni kwa Kiswahili yule atakayebonyeza vitufe. Niliporudi dukani na maelezo mapya, nilimsomea mama: "Mfuko wa simenti ukilipiwa, unatoka kwenye hesabu ya depo." Akanizuia pale pale.

"Hapana, mwanangu. Umelipiwa, lakini ungali hapa. Mwenyewe atakuja na gari Jumamosi."

Akafungua daftari, akanionyesha mistari yenye duara, ukurasa baada ya ukurasa. Yote ilikuwa mifuko ya watu iliyolala depo. Patroni alikuwa amekaa karibu nasi. Akasema ndiyo, tangu zamani wanafanya hivyo.