Usinunue risasi kwa kusoma spidi: yaliyonikuta na kulungu wa Llano

Ijumaa iliyopita nimetoka msikitini nimekaa barazani hapa Shella, Malindi, nangoja kahawa, simu ikalia. Kijana mmoja wa Barani, babake tulicheza mpira pamoja tukiwa wadogo, siku hizi yuko Denver anaendesha lori. "Shikamoo ami. Nimebahatika kupata kibali cha kulungu, tunaenda na jamaa wa kazini ana bunduki ya pili, ni .243, nimeshanunua risasi hizi hapa, ziko sawa?" Halafu picha ya boksi.

Nikaikuza picha kwa vidole. Greni 58 (greni ndio kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ncha ya plastiki nyekundu, na spidi imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Wallahi moyo ulipiga paa, manake boksi la sampuli ile nalijua, na sikulijua kwa uzuri.

Sasa kabla sijaenda mbali, walioko hapa nyumbani mnisikize. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na paa nunga wa Arabuko-Sokoke ni wa kutazama, tena ushukuru ukimuona hata kivuli. Msinijie inboksi na habari za mitego. Nazungumza na vijana wetu walioko Marekani, ambao najua ni wengi na najua wanatamani, manake hata mimi nilitamani, miaka tisa nimekaa San Antonio na kila Novemba wenzangu kazini wanakuja na friza zimejaa nyama ya bure na mimi nanunua kuku.

Mwaka wa tatu ndio nikaingia. Kozi ya usalama nilifanya (Texas ukiwa umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye ni lazima, na karatasi zako za uhamiaji ziwe sawa kwanza, hilo sitaki kulirudia, usishike bunduki ya mtu kama viza yako hairuhusu), leseni nikakata, bunduki nikanunua .243 (namba hiyo ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi). Kwa nini .243? Manake mimi ni mtu mdogo, kilo sitini na kitu, na bunduki kubwa inanipiga bega mpaka nafumba macho kabla ya kufyatua. Ile .243 ni laini. Imetoka 1955 kwa Winchester, wamechukua ganda la .308 wakalibana shingo likabeba kichwa chembamba cha milimita 6 na ushei. Baruti nyingi, kichwa kidogo, inaruka kama mshale. Watu wazima wenye misuli wanaicheka, wanaiita bunduki ya watoto. Wacheke.

Makosa yangu hayakuwa bunduki, yalikuwa boksi. Nimesimama dukani mbele ya rafu imejaa mpaka juu, sijui hili wala lile, na haya ya kuuliza imenijaa, si unatujua watu wa pwani, tutapotea njia masaa mawili kuliko kumuuliza mtu. Nikafanya hesabu yangu ya kijinga: bunduki ndogo, basi nichukue risasi yenye mbio zaidi, mbio ndio zitafidia udogo. Boksi moja limeandikwa zaidi ya futi 3,700 kwa sekunde. Jingine, greni 100, limeandikwa futi 2,960. Nikasema hili la pili limezeeka. Nikachukua la mbio, tena lilikuwa rahisi.

Llano, kule vilimani, wenyewe wanajiita makao makuu ya kulungu Texas. Mzee mwenye shamba alitukaribisha mimi na rafiki yangu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi kweupe, baridi ya kuuma masikio, dume akatoka kwenye vichaka amesimama ubavu, kiasi cha yadi 80. Nikasoma bismillah Allahu akbar, nikavuta. Akaanguka. Nikaruka juu, nikashangilia, nikamkumbatia rafiki yangu, na tulipogeuka kulungu amesimama, akaingia kichakani kwa miguu mitatu.

Tulimtafuta mpaka kiza. Damu tone hapa, tone pale, halafu hamna. Usiku sikulala, nimelala na viatu. Alfajiri mbwa wa mzee ndiye aliyempata, amelala chini ya mti, yu hai, anatutazama. Mzee hakusema kitu, akanipa kisu. Nikamchinja mwenyewe, nyama ikawa halali alhamdulillahi, lakini yale macho mimi nayakumbuka mpaka leo na nina watoto wanne na nimezika wazazi.

Tulipomchuna ndipo nikaona. Bega la kushoto lina shimo pana kama kisahani cha kikombe, na kina chake hakifiki nusu kidole. Nyama imekuwa uji mweusi, ndani mna vipande vya shaba vidogo kama makombo ya mahamri, na mfupa wa bega una ufa tu. Risasi haikuingia ndani. Ilipasuka pale pale ilipogusa bega, ikaishia hapo. Mapafu mazima, moyo mzima. Mzee akaenda kwenye gari yangu, akalichukua boksi, akaligeuza ubavu ambao mimi dukani sikuutazama, akaweka kidole kwenye kijipicha. Hakikuwa kulungu. Kilikuwa ni kile kipanya chao cha nyikani kinachosimama kwa miguu miwili nje ya shimo. Akanirudishia boksi akaenda kunywa kahawa. Angenitukana ningepata nafuu.

Basi kitu chenyewe ni hiki, nimekilipia kwa aibu nawapa bure. Risasi ya kiwandani haichaguliwi kwa kaliba, yaani ule unene, peke yake wala kwa spidi, inachaguliwa kwa namna kichwa chake kilivyojengwa. Ile yangu shaba iliyofunika kichwa ni nyembamba kwa makusudi, ncha ya plastiki inasukumwa ndani ikigusa kitu, kichwa chote kinasambaratika. Kwa panya na mbweha ni kazi safi. Kwa kulungu mwenye bega ni dhuluma. Na kinyume chake, zile za kijeshi zilizofunikwa shaba mpaka puani, hazifunguki kabisa, zinatoboa tundu la sindano zikapita, na majimbo mengi hazikubaliwi kwa kulungu. Unayoitaka iko katikati: ncha laini ya madini ya risasi imechomoza mbele, shaba nene nyuma, ikiingia inachanua kama uyoga lakini inaendelea kwenda. Hiyo ndiyo Core-Lokt ya Remington iliyoko sokoni tangu 1939, ndiyo Power-Point ya Winchester, ndiyo Power-Shok ya Federal, vitu vya kizee visivyo na matangazo, na katika .243 unavipata kwa greni 100. Lile boksi nililosema limezeeka, ndilo hilo.

Ukitaka kujipoza kama mimi nilivyojipoza, kuna Mmarekani mmoja, John Nosler. 1946 alikuwa Kanada anawinda kulungu wao yule mkubwa wa pembe pana, moose, na risasi zake zikawa zinapasukia kwenye ngozi iliyoganda matope, hazifiki ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, mbele kunachanua na nyuma kunabaki bila kupasuka, 1948 akaanza kuuza akakiita Partition. Mimi nilirudi San Antonio nikatengeneza pilau. Kila mtu na kipaji chake.

Mwaka uliofuata nikaomba kurudi Llano, mzee akakubali, sijui kwa nini. Safari hii greni 100. Nilianza kwanza kiwanja cha shabaha, na hapo ndipo penye jambo jingine ambalo watu hawataki kusikia manake linakula pesa: mtutu wako ndio kadhi. Nilinunua maboksi matatu ya kampuni tofauti, greni zile zile, bunduki ile ile, yadi 100, na moja likanitawanyia matundu kama mchele uliomwagika na jingine yote matatu nikayafunika kwa sarafu. Mifereji iliyomo ndani ya mtutu inazungusha kichwa, na kichwa kizito ni kirefu, kinataka mzunguko wa kasi zaidi. Hili liliwahi kuiumiza kampuni nzima: mwaka ule ule 1955 Remington walitoa .244 yao, karibu pacha wa .243, lakini mifereji ya mtutu wake ilizunguka mara moja kwa kila inchi 12 na vichwa vya greni 100 vikawa havitulii vizuri, wenye Winchester wa inchi 10 wakachukua soko. 1963 Remington wakairudisha kwa jina jingine na mzunguko wa kasi, watu wameshahama. Kwa hivyo jaribu kwa mtutu wako, si wa binamu yako, na ukibadilisha boksi rudi tena kiwanjani ulenge upya.

Novemba ile dume alisimama yadi 90. Bismillah, nyuma kidogo ya mkono wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Akakimbia hatua arubaini, nimezihesabu mwenyewe kwenda na kurudi, akalala. Tundu la kuingilia kidole kidogo, la kutokea kama shilingi kumi. Mzee akatazama, akasema "mm". Ile mm yake mimi naiweka juu ya cheti chochote nilichopewa maishani.

Wazee wa bara hapa, Waata, walikuwa wanaangusha ndovu kwa mshale. Mshale! Hawakutafuta mshale mkubwa kama mlingoti, walijua ncha iwe vipi na sumu iwe mbichi vipi na umfikie karibu kiasi gani. Sasa wewe una darubini ya dola mia nne na huna dakika tano za kusoma ubavu wa boksi. Vijana mnatazama video, mtu anapiga kulungu yadi 400 muziki unalia, hawakuonyeshi wale watatu waliokimbia na bega. Mnyama si chupa. Kama hujui risasi yako ikigusa mfupa inafanya nini usiende, kaa nyumbani, kula kuku, hakuna atakayekulaumu. Na mabishano ya bunduki kubwa na ndogo mniachie, nimewaona wenye .300 magnum wanafumba macho wakifyatua na kulungu anaumwa vile vile.

Haya, yule kijana wa Denver. Nilimjibu kwa sauti, manake kuandika nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia mwanangu, mimi Texas sheria iliniachia nikosee, wewe Colorado hata sheria haikuachii: kwa kulungu kaliba isipungue .24, kichwa kiwe cha kuchanua na kisipungue greni 70, na nguvu yake ikifika yadi 100 isipungue futi-pauni 1,000. Greni 58 askari wa wanyama akikukuta nayo huna la kujitetea. Tena kulungu wa huko wengi ni wale wa masikio ya baghala, wamemshinda mwili kulungu wa Llano. Chukua 100, au 95, lakini boksi liwe la kulungu. Akaniuliza na .223 je, jamaa ana hiyo pia. Nikamwambia hiyo Colorado haifiki mlangoni. Walioko Texas wanaruhusiwa nayo, basi wachukue greni 60 kwenda juu zilizojengwa kwa kulungu, na wasogee karibu.

Akauliza na za shaba tupu. Hilo ni swali zuri, na kwa Kiswahili linachekesha, manake sisi risasi ni risasi na madini yake ni risasi, California tangu tarehe 1 Julai 2019 huwindi ila kwa risasi isiyo na risasi. Ni nzuri, zinaingia ndani sana, ila shaba ni nyepesi kwa hivyo kichwa kinakuwa kirefu, ndio maana kwa .243 watu wanashuka greni 80 au 85 na zinatosha.

Bado naona hajaelewa tofauti ya 58 na 100, kwake ni namba tu. Nikachukua chubwi mbili za mshipi nikaenda kwa sonara, nikamuomba anipimie, akakata kidogo kidogo kwa patasi mpaka moja ikasoma gramu 3.8 na ya pili gramu 6.5. Nikaziweka kiganjani nikapiga picha nikamtumia. Hiyo ndogo ndiyo uliyonunua. Sonara ananitazama tu, akaniuliza ami, hii ni pete ya nani?

Jana kijana kanitumia picha nyingine. Boksi jipya, greni 100, ubavuni kuna kulungu ana pembe. Chini kaandika: "La kwanza nimelirudisha wamekataa kulipokea, nilifanye nini?" Nikamwambia mpe jamaa akapigie panya, ukibaki na boksi tupu usilitupe. La kwangu nimerudi nalo Malindi, liko dirishani hapa, limejaa ndoana.