Jirani mwenye kelele: nilivyojua kwamba wakati wa kuhama umefika

Ilikuwa saa nane usiku. Glasi ya maji niliyoiweka kando ya kitanda ilikuwa inatetemeka. Maji yalichora miduara midogo, yakatulia, yakachora tena, yakifuata mdundo uliotoka upande wa pili wa ukuta. Maneno ya wimbo sikuyasikia, wala sauti ya mwimbaji. Ni besi tu, ile inayopita kwenye mbao za kitanda na kukupanda kifuani. Nikakaa kitako, nikaitazama glasi ile mpaka saa kumi, na asubuhi yake nilikuwa na kazi inayohitaji akili iliyotulia.

Tulikuwa tumeishi kwa amani miaka mitatu katika nyumba ile kabla majirani hao hawajahamia. Muziki ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Kulikuwa na milango inayobamizwa, wageni wanaogombana kwenye ngazi usiku wa manane, pikipiki inayoungurumishwa chini ya dirisha letu kabla hakujapambazuka, na mifuko ya takataka inayoachwa kwenye njia ya kila mtu. Niliowasimulia karibu wote walinijibu neno moja: utazoea. Nilijitahidi kuzoea kwa miezi minne, na ndiyo miezi ninayoijutia.

Ukweli ni kwamba masikio hayalali. Hata usipozinduka, mwili unaisikia kelele. Moyo hupiga haraka zaidi na usingizi huwa mwepesi, kisha asubuhi unaamka umechoka bila kujua kwa nini. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti ya mfululizo isizidi desibeli 30 usiku, na sauti za ghafla zisizidi 45. Ongezeko la desibeli 10 tu sikio hulipokea kama sauti iliyokaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo mtu akikwambia unadeka, usikubali. Unachokilalamikia kinapimika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kugonga ukuta. Nilichukua mpini wa fagio nikagonga mara tatu kwa hasira, na kilichorudi ni vicheko, kisha muziki ukapanda. Kugonga ukuta hakumwambii mtu nini kinakusumbua. Kunamwambia tu kwamba unamchukia, na tangu dakika hiyo anakuwa na mpinzani upande wa pili wa kushindana naye. Kama bado hujagonga, tafadhali usigonge.

Nilipokuja kufanya jambo la maana, nilikwenda mchana, siku ya mapumziko, nimeshalala na kuoga. Aliyefungua mlango alikuwa kijana, macho mazito, anashangaa. Nikamwambia, "Kaka, samahani kwa kukusumbua. Mimi ni jirani yako wa ukuta huu. Naomba uje kwangu dakika moja usikilize kitu." Akaja. Nikamwomba mwenzake aliyebaki awashe muziki kwa kiasi kile kile cha jana usiku. Tukasimama chumbani kwangu, mimi na yeye, mbele ya kitanda, na nikamwona akiweka kiganja chake ukutani.

"Dah, kumbe inafika hivi?" akasema.

Sikumwambia yeye ni mtu mbaya. Nilimwambia saa ninazolala, saa ninayoamka, na kwamba spika yake imeegemezwa kwenye ukuta wa chumba changu. Tulikubaliana aisogeze na kuweka kipande kizito cha mpira chini yake, na besi ipunguzwe kuanzia saa nne usiku. Tukapeana namba za simu. Kila ninayemshauri namwambia aanzie hapo, kwa ombi moja dogo linalotekelezeka. "Acheni kelele" ni ombi ambalo hakuna anayejua amelitimiza lini. "Sogeza spika" analitekeleza mbele ya macho yako.

Tulilala vizuri wiki mbili. Kisha akaja mwenzake mwingine kukaa naye, na mambo yakarudi kama zamani. Ujumbe wangu ukawa unasomwa na kuachwa bila jibu.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Nilisikia mahali kwamba malalamiko yasiyo na tarehe hayana nguvu, basi nikawa naandika: siku, saa iliyoanza, saa iliyokoma, ni kelele ya namna gani, na kama niliamka. Niliandika mwezi mzima, na nilipojumlisha nilipigwa na butwaa. Kelele ya kweli ilikuwepo usiku 11. Lakini usiku niliolala vibaya ulikuwa 24. Usiku 13 jirani alikuwa kimya kabisa, nami nilikuwa macho, nimelala chali, nasubiri aanze.

Matokeo hayo yalinibadilisha mawazo yote. Miaka ya mwanzo ya 1970 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walieleza majaribio ambayo watu walifanya kazi huku wakipigiwa kelele za ghafla zisizotabirika. Baadhi walipewa kitufe cha kuizima kelele, wakaombwa wasikibonyeze isipokuwa imebidi. Wengi hawakukibonyeza. Hata hivyo baadaye, walipopewa kazi ngumu ya kufikiri, walivumilia zaidi na kukosea kidogo kuliko wale ambao hawakuwa na kitufe. Kelele ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni kujua kwamba ukitaka, itakoma.

Mimi sikuwa na kitufe. Na tangu nielewe hivyo, kila hatua niliyochukua niliipima kwa swali hilo tu: je, hii imenipa kitufe?

Mwenye nyumba nilimwandikia barua fupi nikaambatanisha nakala ya daftari. Kabla ya hapo nilikuwa nimempigia simu mara nyingi nikilia na kufoka, na kila mara alisema ataongea nao. Barua yenye tarehe aliijibu siku ya tatu. Nilizungumza pia na wapangaji wa chini, nikagundua wanateseka kama sisi, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Tulipoandika pamoja, kulikuwa na kimya cha karibu mwezi. Sheria za kelele hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini popote utakapopeleka shauri lako, iwe kwa mwenye nyumba, kamati ya jengo, serikali ya mtaa au mahakamani, watakuuliza mambo yale yale: lini, muda gani, mara ngapi, nani mwingine alisikia. Daftari linajibu yote. Na kama unamiliki nyumba, fahamu kwamba malalamiko rasmi yanaweza kukufuata siku ya kuuza. Uingereza, kwa mfano, fomu ambayo muuzaji hujaza humuuliza kama kumekuwa na ugomvi na majirani. Isikuzuie kudai haki yako, ila ingia ukijua.

Naomba nitoke kidogo nje ya mada. Ukisikia mtu anapigwa, mtoto anapiga mayowe au kitu kinavunjwa kwa nguvu, hilo halihusu usingizi wako tena. Piga simu polisi. Na jirani anayekutishia usimwendee mlangoni peke yako, hata uwe na daftari zuri namna gani.

Ndani ya nyumba nilijaribu mengi, mengine ya kupoteza muda. Trei za mayai na sponji za ukutani hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe. Sauti ya jirani haizuiwi nazo. Sauti huzuiwa na uzito na kwa kuziba matundu. Kabati lililojaa nguo, likisimamishwa kwenye ukuta wa jirani, lilinisaidia kuliko chochote nilichonunua. Utepe wa mpira kwenye ukingo wa mlango ulipunguza kelele za ngazini. Vizibo vya masikio vilinyamazisha mazungumzo lakini si besi, kwa sababu vizibo huipunguza sauti nzito kidogo tu, na mtetemo wake hukufikia hata kupitia kitanda. Feni inayovuma taratibu ilinisaidia kwa namna nyingine: ilifunika ule ukimya niliokuwa nausikiliza. Kitanda nilikihamishia upande wa pili wa chumba, na hilo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza.

Yote hayo yalisaidia, lakini kitufe hayakunipa.

Kilichoamua mambo hakikutokea usiku. Ilikuwa jioni, hakuna muziki, tumekaa sebuleni. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alitaka kuniuliza jambo la shule. Akanisogelea hadi sikioni akaninong'oneza. Nikamuuliza, "Mbona unanong'ona, mama?" Akasema, "Nisije nikawaamsha wale." Alidhani sisi ndio tunaopaswa kunyamaza ili wao wasianze. Nilipokumbuka nyuma, niliona kwamba hata mimi nilikuwa natembea kwa vidole kwangu, nabaki kazini saa nzima zaidi bila sababu, na sikuwa nimekaribisha mgeni tangu daftari lianze. Tulikuwa tumeshahama kwenye nyumba ile, tukaacha miili tu inalipa kodi.

Usiamue kuhama saa nane usiku. Saa hiyo utakubali nyumba yoyote, hata yenye ubaya mwingine. Amua mchana, ukiwa umelala vya kutosha usiku mmoja angalau, hata kama ni kwa ndugu. Mimi nilijiwekea tarehe: siku 60 za kujaribu kila njia ninayoijua, na zikiisha bila mabadiliko ninatafuta nyumba. Ajabu ni kwamba tangu niiandike tarehe ile, usingizi ulianza kurudi kidogo kabla hata sijahama. Tarehe ile ilikuwa kitufe changu.

Kuna watakaokwambia unakimbia, kwamba waliokosa ndio wahame. Nakubaliana nao kwamba ndiyo haki. Lakini haki hiyo huenda ikachukua miaka miwili, na mtoto wa miaka saba atakuwa na tisa. Weka gharama ya kuhama upande mmoja, na upande mwingine uweke siku ulizoharibikiwa kazini, dawa za kichwa, na ugomvi wa ndani ya nyumba ulioanza kwa uchovu. Kama huna uwezo wa kuhama sasa, bado weka tarehe, iwe ya mbali kiasi chochote, na uanze kuweka akiba kidogo kidogo kwa jina hilo.

Nyumba mpya nilikwenda kuitazama mara tatu: asubuhi siku ya kazi, jioni, na usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Mara ya tatu sikuingia hata ndani. Nilisimama nje nusu saa nikisikiliza. Niliuliza chumba cha kulala kinapakana na nini, kwa maana ukuta wa jirani wa sebuleni ni tofauti na ukuta wa ngazi au wa pampu ya maji. Nilimtafuta mpangaji anayeondoka, nikamuuliza anaondoka kwa nini, kisha nikanyamaza nikamwacha aongee. Kwenye mkataba nilihakikisha naweza kutoka kwa notisi ya muda mfupi.

Nyumba hii nayo ina sauti zake. Wa juu wanaburuta viti, na kuna mtoto mchanga anayelia alfajiri. Siku ya pili baada ya kuhamia nilipanda juu mchana, nikajitambulisha, nikamwachia dada niliyemkuta namba yangu, nikamwambia, "Tukiwasumbua, nipigie wakati wowote." Amenipigia mara moja. Nilikuwa natoboa ukuta kwa mashine kutundika rafu, naye ndiyo kwanza amemlaza mtoto. Nikaizima mashine, rafu nikaimalizia siku iliyofuata.