Daftari la Jumatano

Swali lenu la wiki hii: Mkristo wa Tanzania, anayesali bila kubughudhiwa, awafanyie nini wanaoteswa kwa imani yao katika nchi nyingine?

Najibu kama katibu wa kikundi cha sala cha akina mama hapa Nkuhungu, Dodoma. Kwa miaka mingi ombi letu lilikuwa moja: "Bwana, uwakumbuke wote wanaoteswa duniani, amina." Nusu dakika tumemaliza, tunageukia michango ya harusi. Iliniuma. Jirani akiugua tunamtaja jina, na mguu unaomsumbua tunautaja. Hawa tunawafunga wote kitita kimoja kama kuni.

Mwaka jana nikanunua daftari. Kila Jumatano tunaandika nchi moja na habari moja tuliyoihakikisha. Zile picha za maiti zinazozunguka WhatsApp na maneno "sambaza kabla hazijafutwa" siziruhusu kikundini. Kumzushia mtu mauaji ni dhambi, hata kama unayemtetea ni Mkristo mwenzako.

Tulianza na Eritrea. Tangu 2002 serikali ya kule inatambua makundi manne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Wengine wakikutana kusali, hata sebuleni, wanaweza kukamatwa. Na kutambuliwa kwenyewe si kinga. Patriaki Antonios wa Kanisa la Orthodoksi alipokataa serikali kuingilia mambo ya kanisa, aliondolewa kitini, akafungiwa nyumbani miaka mingi hadi akafariki Februari 2022. Kisha nikasoma habari za Mashahidi wa Yehova watatu waliokamatwa Septemba 1994 kwa kukataa jeshi. Wameachiwa Desemba 2020. Miaka 26, na mahakamani hawakufikishwa.

Hapo mama mmoja akanikatiza: "Katibu, hao si wenzetu. Si ndio wanaokuja mlangoni kutuambia tumepotea?"

Kukawa kimya. Bibi yetu mmoja, mzaliwa wa Mvumi, alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Hakuinua hata macho. "Mwanangu, mtu kafungwa miaka 26, wewe unataka kwanza umuulize anasali wapi?"

Tukawaombea, na yule mama ndiye aliyefunga sala.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: Mkristo anayedai uhuru wa kuabudu kwa ajili ya Wakristo peke yao bado hajaudai. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inamlinda pia jirani yangu Mwislamu, ambaye ndiye anayetuazima mkeka kila Jumatano. Tulipofika kwa Warohingya, Waislamu zaidi ya 700,000 waliokimbia Myanmar kwenda Bangladesh kuanzia Agosti 2017, alikuwa amekuja kuuchukua mkeka wake. Akasikia tunasoma nini. Akavua ndala, akaketi pembeni mpaka tukamaliza, kisha akaniomba nimsomee tena ukurasa ule.

Wiki hii tunaandika Msumbiji. Jimbo lake la Cabo Delgado limekuwa likishambuliwa na wenye silaha tangu Oktoba 2017, wamekufa Wakristo na Waislamu, na ni ng'ambo tu ya Mtwara, ambako mmoja wetu ana mtoto anayefundisha. Tumeshakusanya vitenge 14 na katoni mbili za sabuni kwa ajili ya waliokimbia makwao. Sasa tunatafuta njia ya uhakika ya kuvifikisha. Bibi ameahidi kuja na mjukuu wake wa darasa la sita na atlasi yake, mtoto amwonyeshe mto Ruvuma unapita wapi.