Kanda usiku, oka asubuhi

Swali la wiki hii: nyumba ikijaa wageni vijana, unawaokea nini kisichokumaliza mfuko wala nguvu?

Mimi nasema skonzi, tena nyingi. Keki ya krimu iacheni kwa ajili ya harusi. Hapa Uyole tunapokea vijana wa kwaya kila kukiwa na mkutano wa makanisa. Wanalala sebuleni mpaka koridoni, na kijana wa miaka 15 aliyeimba tangu asubuhi haulizi kama kitafunwa kimepambwa. Anauliza kama kipo kingine.

Kwa kilo 2 za unga wa ngano natia sukari robo kilo, siagi robo kilo, chumvi vijiko viwili vya chai, iliki ya kutwanga, na maziwa ya vuguvugu kama lita moja, nikiongeza kidogo kidogo. Hamira naweka kijiko kimoja tu cha chakula. Mdogo wangu wa Dar es Salaam ananicheka kwa huo uchache, lakini yeye akiacha donge nje usiku kucha anaamka limechacha. Huku usiku wa Juni baridi hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo donge nalifunika na kuliacha jikoni liumuke polepole hadi alfajiri. Ladha yake huwa tamu kuliko ya lile la haraka haraka.

Asubuhi kuviringa ni kazi ya wageni wenyewe, wavulana wakiwemo. (Wavulana ndio wanaoviringa makubwa kama ngumi, nanyi mnajua kwa nini.) Ukikata vidonge vya kawaida unapata skonzi zaidi ya 50. Ziache ziumuke tena, pakaza yai juu, kisha oka.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa: mchanga mkavu chini, juu yake bati la skonzi, mfuniko, halafu makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache, la sivyo zitaungua matako huku uso bado mweupe.

Wakitaka kitu kitamu zaidi, kuna keki ya ndizi. Ndizi za Tukuyu zilizoiva mpaka zikapata madoa sokoni huuzwa kwa bei ya kutupa, nazo ndizo zinazofaa. Ponda tano, changanya na mayai matatu, sukari kikombe kimoja, mafuta robo tatu ya kikombe na unga vikombe vitatu. Hapo angalieni beking pauda. Vipimo vya kwenye pakiti vinamfaa mtu wa pwani. Sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gesi hutanuka upesi, na keki hupanda kabla haijashika kisha ikazama katikati. Kwa vikombe vitatu vya unga, mimi siweki zaidi ya vijiko viwili vya chai.

Maandazi sikatai, ila ukianza kukaanga hutoki jikoni: kila karai linalotoka linaishia mikononi mwao kabla ya lingine kuingia.

Na mwenye oveni ya umeme aoke trei zote mfululizo, maana kuipasha moto upya kila mara ndiko kunakomaliza luku.

Mama wa Uyole, Mbeya