Maji ya Gata Yaishie Wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina nyumba ya matofali ya saruji hapa Ahero. Paa lake la mabati lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, nalo linateremka pande mbili, kila upande ukiwa na gata yake. Fundi aliyezifunga aliacha tundu mwishoni mwa kila gata bila kuweka bomba, kwa hiyo mvua ikinyesha maji hutumbukia palepale penye pembe ya nyumba. Sasa ukuta wa pembe ya nyuma umeingia ufa unaoanzia dirishani. Nimenunua mabomba mawili ya plastiki ya inchi 3. Je, yatatosha, na yafungwe vipi? Nikishayafunga, ninaweza kuuziba ufa huo?
Mama wa Ahero, Kaunti ya Kisumu

JIBU: Mama, ahsante kwa barua yako, na hasa kwa kutuandikia vipimo, kwa maana bila vipimo jibu lolote lingekuwa la kubahatisha. Kanuni ambayo mafundi wengi huifuata ni kwamba kila mita 1 ya mraba ya paa ihudumiwe na sentimita 1 ya mraba ya tundu la bomba. Kila upande wa paa lako una mita 40 za mraba, na bomba la inchi 3 lina tundu la sentimita za mraba zipatazo 44. Yanatosha, ila kwa chupuchupu. Ungekuwa hujanunua, ningekushauri uchukue ya inchi 4, kwa sababu mvua za jioni za huko kwenu humwagika kwa kishindo, na majani machache tu yakikwama ndani ya bomba jembamba, gata hufurika.

Kabla ya kufunga chochote, panda ngazi na jerikeni la lita 20, umwage maji kwenye ncha ya gata iliyo mbali na tundu. Yakituama katikati, gata imelegea na vishikio vyake vinahitaji kurekebishwa mpaka iteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita 3. Baada ya hapo angusha timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, ukutani, upige mstari wa chaki ambao bomba litaufuata. Kwa kuwa ukingo wa paa umechomoza mbele ya ukuta, utahitaji elbo mbili, yaani viungo vilivyopinda: ya kwanza chini ya tundu la gata ili kuyarudisha maji ukutani, na ya pili ya kulisimamisha bomba wima. Kaza bomba kwa vishikio visivyoachana zaidi ya mita 1.8, kimoja kikiwa karibu na kila kiungo.

Katika viungo, bomba la juu liingie ndani ya lile la chini, wala si kinyume chake. Niliwahi kufunga bomba nyumbani kwangu kwa kuligeuza, nikidhani silikoni itaokoa mambo, na msimu mmoja tu wa masika ulitosha kuuchora ukuta michirizi ya kijani kibichi kutoka kila kiungo hadi chini.

Hata hivyo, linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni pale bomba litakapoishia. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano hunywa maji ukavimba, kisha jua la Januari likiwaka husinyaa na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Pembe moja ya msingi ikinyweshwa kila mvua ilhali pembe nyingine zimekauka, pembe hiyo huinuliwa peke yake, na ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, ambako ndiko ulikokuwa dhaifu tangu mwanzo. Bomba linaloishia kwenye elbo moja chini ya ukuta linayamwaga maji palepale yalipokuwa yakimwagika, ila kwa ustaarabu kidogo. Kwa hiyo liendeleze kwa bomba la kulala au kwa mfereji wa saruji, lisiyaachie maji kabla ya mita 2 kutoka ukutani. Mita 3 ni bora zaidi. Ardhi inayoizunguka nyumba nayo iteremke kama sentimita 5 kwa kila mita 1, ikiupa ukuta mgongo.

Usikubali fundi akuchimbie shimo la kokoto karibu na nyumba la kunywea maji hayo. Katika udongo wa kichanga shimo la namna hiyo hufaa. Katika udongo wako litageuka beseni litakalouweka msingi katika unyevu kwa majuma mengi. Yapeleke kwenye migomba, mradi yasimwangukie jirani. Ukiamua kuyakinga kwa tangi, kumbuka kwamba mvua ya milimita 25 itakupa karibu lita 1,000 kutoka upande mmoja tu wa paa, kwa hiyo bomba la kufurikia la tangi nalo lazima lipelekwe mbali vilevile.

Ufa usiuzibe sasa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, uandike tarehe, halafu uangalie mpaka msimu mzima wa mvua na wa kiangazi upite. Usipovuka alama, uzibe. Ukirefuka, au ukipanuka kiasi cha kuingia kidole, mwite mhandisi wa majengo aukague msingi.

SWALI: Bomba langu linaingia moja kwa moja kwenye tangi, na mvua ya kwanza huleta maji ya kahawia. Je, nirudie tu maji ya kisima?
Msomaji, Nakuru

JIBU: La. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Afadhali maji ya paa. Kabla ya tangi, tia kiungo cha njia tatu na bomba la inchi 4 linaloning'inia wima likiwa na kifuniko cha kufungua chini. Kila mita 1 ya bomba hilo hubeba karibu lita 8 za maji machafu ya mwanzo, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba, kwa mfano, ambalo lita 20 zake za mwanzo ndizo za kutupwa, litataka bomba la mita 2.5. Lifungue kila mvua inapokatika.